Usilichome Gogo Lile

Mjukuu wangu, nimeona umelivuta lile gogo la mparachichi uliwashie moto jioni. Liache. Njoo uchungulie upande wa chini: kuna shimo la mviringo, utadhani limetobolewa kwa keekee, kidole chako kidogo kinaingia. Chini yake kuna unga wa mbao mbichi-mbichi, wa leo asubuhi. Mwenye nyumba hiyo ni yule nyuki mkubwa mweusi mnayemkimbia. Hana mzinga wala asali ya kurina, ndiyo maana watu wanamdharau.

Hata mimi nilimdharau. Mwaka nilipopanda pasheni nyuma ya jiko, niling'oa nguzo kuukuu za fensi alizokuwa ametoboa nikazichoma, nikaweka mpya zilizotiwa dawa. Fensi ikapendeza. Pasheni nayo ikachanua asubuhi, maua yakafumba, kesho yake yakadondoka bila tunda. Nikaongeza mbolea, wapi! Kumbe chavua ya pasheni ni nzito, inanata, upepo hauibebi. Nyuki wa asali ni mdogo: anapita chini kwa chini, ananyonya na kwenda zake. Huyu mkubwa ndiye anayejaa ndani ya ua, akatoka mgongo umempauka kama mtu aliyetoka kusagisha mahindi. Msimu ule nyanya yako alizunguka kila asubuhi na njiti yenye pamba, ua kwa ua, akinisema.

Mtafiti Mary Gikungu aliwachunguza nyuki wa msitu wetu wa Kakamega na mashamba yaliyo kando yake, akakuta zaidi ya aina 200. Yule wa mzingani unayemjua ni aina moja tu. Wengi huishi peke yao, kila jike na chumba chake: ardhini, kwenye ukuta wa udongo, kwenye bua kavu.

Hao wa bua ndio rahisi kuwakaribisha. Kata mianzi mikavu, sentimita 15 hivi, kila kipande ukibakiza fundo nyuma liwe kizibo. Chagua matundu ya upana tofauti, mengi yasizidi penseli. Funga pamoja, tundika chini ya upenu, midomo ielekee mawio ipate jua la asubuhi, maana mvua yetu hupenda kuja alasiri. Waya wa kutundikia upake grisi, la sivyo siafu watakula wote. Halafu usiiguseguse.

Ukiona majani ya maharagwe yamekatwa duara kama kwa sarafu, usikimbilie dawa. Ni nyuki anatandika chumba. Ndani anaweka donge la chavua na yai moja, anaziba, anaanza kingine. Kwa kawaida mayai ya majike yako nyuma na ya madume mbele, na madume hutoka kwanza, basi hakuna anayemzibia mwenzake njia. Dawa ya mboga, kama ni lazima, pulizia magharibi nyuki wakishalala.

Najua unaogopa kuumwa. Dume hana mwiba kabisa. Jike huuma ukimbana mkononi, na hapo mkosa ni wewe. Mapaa ya nyumba ndiyo yenye hatari ya kweli, huyu mweusi huyatoboa. Yapake rangi, umwachie mbao laini mahali pengine.

Leo washa magunzi. Shika huku nami nishike huku, tulipeleke gogo karibu na pasheni kabla mvua haijafika.