Tumemwona, Lakini Ni Nani?

Sisi wa Kitura tunapofika ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tukaona ndege mkubwa akipita na samaki kwenye makucha, tunasema mara moja: furukombe. Mara nyingi ni kweli. Kichwa na kifua vyake vyeupe havifichiki, wala sauti yake. Lakini takribani Oktoba hadi Aprili anaweza kupita mgeni adimu, osprei, aliyezaliwa Ulaya au Asia, naye ni mvuvi vilevile. Mabawa yake ni marefu, membamba, yamepinda kama herufi M. Tumbo ni jeupe, na mstari mweusi unapita jichoni. Hujitupa majini miguu mbele, pengine hadi azame, wakati furukombe hunyakua samaki juujuu.

Anayetatanisha zaidi ni furukombe mchanga. Bado hana kichwa cheupe safi, ana mabakamabaka ya kahawia, na hupita miaka kadhaa kabla hajafanana na wazazi wake. Wengi wakimwona angani humdhania osprei. Mwana wa nyumbani anaitwa mgeni, na hakuna aliyekusudia kudanganya.

Je, kutamka jina ambalo macho hayajalithibitisha ni dhambi? Kwa ndege, labda ni uzembe tu. Lakini mdomo ni huohuo tunaokwenda nao kwenye jumuiya na kwenye baraza la kijiji, panapoulizwa nani alionekana shambani kwa fulani jioni ile ya ukungu. Hapo jina likitoka, nyumba ya mtu inaweza kuvunjika.

Wapo watakaosema kwamba imani ni kusadiki yasiyoonekana, kwa nini tusite? Imani hiyo ni kwa Mungu. Haitupi ruhusa ya kumkisia jirani.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, majirani wanabishana juu ya kipofu aliyeponywa: ndiye, au amefanana naye tu? Mwenyewe, alipobanwa aseme kama Yesu ni mwenye dhambi, alikataa kulisema asilolijua, akashikilia moja alilolijua, kwamba sasa anaona. Wazazi wake nao walisema hawajui amepataje kuona. Ila hao, Yohane anatuambia, walisema hivyo kwa kuogopa kufukuzwa katika sinagogi.