Amepasuliwa Moyo, Akapona: Mbona Bado Amechoka?

Ugonjwa mkubwa ukiingia nyumbani, mara nyingi mume na mke husimama pamoja. Kabla ya upasuaji hakuna ubishi. Kuna safari za kliniki, kuna harambee, kuna sala katika jumuiya ndogo ndogo, kuna jamaa wanaotoka mashambani kuja kujulia hali. Siku ya kutoka hospitalini watu huimba na kumshukuru Mungu. Taabu ambayo watu hawaitaji huanza mwezi wa pili au wa tatu, wakati nyimbo zimekwisha na wageni wamerudi kwao.

Hebu tuwafikirie mke na mume wanaokaa Satellite, kando ya barabara ya Naivasha. Mke alikuwa akiuza mboga Kawangware kabla ya kubadilishiwa vali ya moyo. Sasa kidonda kimefunga. Majirani wanamwona ameketi mlangoni akiota jua, na wanasema amenawiri. Lakini akikohoa kifua kinamchoma, mabega yanamuuma, na akifua nguo mbili tatu analala mchana kutwa. Mume anarudi jioni, anakuta sufuria hazijaoshwa, naye anajiuliza kimoyomoyo: "Huyu bado ni mgonjwa, au amezoea kuhudumiwa?" Hathubutu kulitamka. Mke naye analisoma usoni mwake.

Swali letu basi ni hili: Je, mtu aliyeambiwa amepona ana haki ya kuendelea kuchoka? Na mwenziwe ana wajibu wa kumwamini wakati hakuna kidonda cha kuonekana?

Mwili una ratiba yake

Kwanza tuujue ukweli wa mwili, kwa maana magomvi mengi huzaliwa na kutojua. Hapa kwetu Afrika Mashariki, wengi wanaofanyiwa upasuaji wa vali waliharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa utotoni, na madhara yake huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu wagonjwa wetu wengi si wazee. Ni akina mama na akina baba vijana, wenye watoto wadogo na kodi ya nyumba ya kulipa.

Ili kuufikia moyo, kwa kawaida daktari hukata mfupa wa kidari katikati kwa msumeno, kisha huufunga kwa waya wa chuma. Mfupa huo huanza kushikana vizuri baada ya wiki 6 hadi 8, na huchukua kama miezi 3 kupata nguvu yake. Wakati wa upasuaji, mara nyingi kazi ya moyo na mapafu hufanywa na mashine. Damu hupotea. Misuli ya mgongo na mabega huvutwa. Mishipa ya fahamu kifuani huweza kuumia, ikaacha ganzi au uchungu kama wa moto. Kwa wengi maumivu hupungua polepole, lakini wako ambao huendelea kuumwa hata baada ya miezi mitatu. Uchovu nao huweza kudumu miezi kadhaa, na huzuni isiyo na sababu dhahiri ni jambo la kawaida.

Tena uchovu huu haupungui kwa mstari ulionyooka. Leo mgonjwa anaamka mwepesi, anafagia, anapika, anakwenda sokoni. Kesho na kesho kutwa hawezi kuinuka. Mume anayeona siku ile moja njema husema: "Jana uliweza, leo umeshindwaje?" Jibu ni kwamba ameshindwa leo kwa sababu aliweza mno jana.

Kumwamini mtu kuhusu asichoweza kuonyesha

Aliyevunjika mguu ana plasta, na kila mtu humpisha kwenye matatu. Maumivu ya ndani hayana shahidi ila mwenye nayo. Je, tumwamini tu?

Tupime makosa mawili. Ikiwa nimemwamini mwenzangu kumbe alizidisha kidogo, nimepoteza nini? Nimeosha sufuria ambazo labda angeweza kuziosha yeye. Lakini ikiwa nimemkatalia kumbe alisema kweli, nimemwacha katika maumivu, nami nimemwongezea upweke. Kosa la kwanza hurekebishwa kesho. La pili hukaa moyoni miaka mingi. Zaidi ya hayo, ndoa yenyewe imejengwa juu ya kusadiki kitu kisichoonekana, maana hakuna aliyewahi kuupima upendo wa mwenziwe kwa mizani.

Hii haina maana kwamba mgonjwa hana wajibu. Ana wajibu wa kutembea kila siku kama alivyoelekezwa, kufanya mazoezi ya kupumua, kumeza dawa kwa saa zake, na kufanya kazi ndogo anazoziweza. Anayeutumia ugonjwa kama fimbo ya kuwaamrisha wengine huiba imani aliyopewa, na siku moja atakapoumwa kweli ataikosa.

Uongo wa aina mbili

Katika nyumba nyingi kuna uongo wa mgonjwa na uongo wa mwenye afya. Mgonjwa husema "niko sawa" ili asiwe mzigo. Mwenye afya husema "sijachoka" ili asionekane mbaya. Wote wawili wana nia njema, lakini kila mmoja amemfungia mwenziwe mlango.

Je, kunyamaza ni kusema uongo? Si kila mara. Mtu anaweza kunyamaza hadi watoto walale, na hiyo ni busara. Lakini mwenzako anapouhitaji ukweli ili aamue jambo, kama vile kukuacha peke yako na mtoto mchanga au kurudi kliniki kabla ya siku ya miadi, kumficha ni kumnyang'anya nafasi yake katika ndoa.

Fanyeni kama wauguzi wafanyavyo. Kila jioni mgonjwa ataje alama ya maumivu yake kutoka 0 hadi 10, na mwenye afya ataje alama ya uchovu wake. Msibishane juu ya alama. Ziandikeni katika daftari, mlipeleke kliniki. Namba haina lawama ndani yake, na daktari hufaidika nayo kuliko neno "afadhali".

Msichelewe mkiona homa, usaha au majimaji kidondani, mfupa wa kidari unaochezacheza, miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla, au kukosa pumzi mkilala chali. Maumivu makali mapya ya kifua, kuzimia, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili ni mambo ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Je, dawa ya maumivu ni kuukimbia msalaba?

Wako waumini wanaokataa dawa wakidhani kwamba kuumia zaidi ni kumpendeza Mungu zaidi. Papa Pius XII alilijibu jambo hili mwaka 1957 alipozungumza na madaktari: ni halali Mkristo kutumia dawa za kutuliza maumivu. Naye Mtume Paulo, aliyekuwa na mwiba mwilini, alimsihi Bwana mara tatu aondolewe. Kuomba nafuu si upungufu wa imani. Msalaba ni ule unaobaki baada ya kufanya yote yaliyo halali ili kuupunguza.

Lakini dawa iwe ile aliyoandika daktari. Aliyewekewa vali ya chuma humeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye vali. Akinunua ibuprofeni au diklofenaki dukani kwa sababu mgongo unamuuma, anaweza kutokwa damu nyingi tumboni. Hata sukuma wiki ina neno hapa: ina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Haikatazwi, ila iliwe kwa kiasi kisichobadilikabadilika wiki hadi wiki, na kipimo cha damu kifanywe kwa tarehe yake.

Chumbani

Wengi huona haya kuuliza, basi tuseme wazi. Kwa kawaida tendo la ndoa huruhusiwa baada ya wiki 6 hadi 8, mgonjwa anapoweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kukosa pumzi wala kuumwa kifua, na bila kukibebesha kidari uzito. Muulizeni daktari wenu, mkiwa wote wawili. Mume aliyepasuliwa asinunue vidonge vya nguvu za kiume kwa siri, kwa maana vikikutana na baadhi ya dawa za moyo huweza kuua. Mke mwenye vali ya chuma asishike mimba kabla ya kushauriana na daktari, maana warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wakati wa kungoja, asidhani mmoja kwamba amekataliwa. Kumshika mkono, kumpaka mafuta mabegani, kulala ubavuni pake bila kumdai kitu, hayo nayo ni mapendo ya ndoa.

Majirani na anayeuguza

Waliochanga pesa katika harambee wasigeuke wakaguzi. Maneno kama "tulimchangia, mbona hajarudi kibandani?" humfanya mgonjwa ainue mzigo kabla ya wakati. Wagonjwa wengi huambiwa wasiinue zaidi ya kilo 5 hivi katika wiki za kwanza, na mtungi wa lita 20 za maji ni kilo 20. Basi jumuiya ikija kusali, ije pia kuchota maji. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye kimya. Waliharibu walipoanza kumweleza sababu za mateso yake.

Anayeuguza naye ni mtu. Anaamka usiku, anapika, anakwenda kazini, na hakuna anayemuuliza hali. Akisema "leo nimelemewa" hajavunja ahadi yake ya ndoa, bali anaomba msaada wa kuitimiza. Mgonjwa hata kama hawezi kuinua ndoo, anaweza kuinua moyo wa mwenziwe kwa neno "asante".

Wapendwa, siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi tulidhani ugonjwa huo ni ule wa kitandani, wenye mwanzo na mwisho. Kumbe upo na ule wa katikati, ambapo mtu si mgonjwa wa kulazwa wala si mzima wa kulima. Huko ndiko ahadi inakofanya kazi yake kila siku. Basi leo jioni, kabla ya kuzima taa, ulizaneni alama, kisha kila mmoja asadiki namba aliyoisikia.