Mwenye Mzigo Hupishwa

Koko wangu, mama mzaa baba, alikuwa na sheria moja ya njiani: mwenye mzigo hupishwa. Hakuuliza mzigo ni wa nani wala mbebaji ametoka kabila gani. Ukiwa mikono mitupu unaingia majanini, unasimama, unasalimia, mwenzako anapita. Utotoni niliiona kama adabu ya wazee tu. Nimeielewa ukubwani, kwenye njia inayotoka Nyabiondo kuelekea Kibua na Mpofi, nilipokutana na kijana akisukuma kinga kuupanda mlima.

Kinga, kama tunavyoiita baiskeli huku Kivu, mashariki mwa Kongo, haikuwa na pa kukalia. Bidoni za mawese, yaani madumu, zilifungwa pande zote, na fimbo ilifungwa kwenye usukani ili aiongoze akitembea kando yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Maji yalikuwa yamechimba katikati ya njia, ukabaki ukingo wa kupita unyayo mmoja. Nilijibanza kwenye majani, naye akapita akihema. “Aksanti, ndugu yangu.” Hakufika mbali, gurudumu likateleza. Tulipoiinua kinga, bidoni moja ilikuwa imepasuka na mafuta mekundu yanashuka na maji. Hakulaani mtu. Alitoa kipande cha sabuni mfukoni, akakandika ufa, akaendelea na safari. Sabuni ile ilinifundisha kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kuanguka.

Mafuta yale yalitoka Walikale. Walikale ni msitu, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini: michikichi, mpunga, muhogo, ndizi. Masisi, wilaya jirani, ni kama sehemu moja ya tano ya ukubwa huo, lakini ni milima ya malisho, mingine inapita mita 2,000, yenye maharage, viazi na jibini. Mawese hupanda, maharage hushuka. Mungu aliugawa utajiri huu kwa namna ambayo hakuna jirani anayeweza kupika chungu kizuri bila ya mwenzake. Lakini gari likikwama matopeni wiki nzima, ubadilishanaji huo wote unabaki juu ya vichwa vya akina mama, migongo ya vijana na magurudumu ya kinga.

Madini yalitafutiwa njia nyingine. Miaka ya 2000, kasiterite ya Bisie, jiwe la bati la Walikale, ilitoka msituni migongoni mwa watu, kisha ndege ndogo zikatua Kilambo, juu ya lami ya barabara kuu, zikaibeba hadi Goma. Kipande kizuri cha barabara kikawa uwanja wa ndege. Kila ninapolikumbuka hilo, moyo huniuma kwa ajili ya maharage, na zaidi kwa ajili ya mama mjamzito anayebebwa kwenye kipoyi, machela ya mabegani, kwenda hospitali. Jiwe liliruka, yeye bado anapita matopeni.

Ndiyo maana naamini tuanze na njia ya miguu na kinga, kijiji hadi kijiji. Haihitaji katapila. Inahitaji izunguke ubavu wa mlima badala ya kuupanda wima. Inahitaji mfereji upande wa juu, na mawe ya kuyavusha maji kila baada ya mwendo mfupi, kwa sababu kinachoua njia si nyayo, ni maji yanayokimbia ndani yake. Inahitaji magogo ya mti mgumu juu ya vijito, yaliyobanwa vizuri gurudumu lisizame katikati. Na upana wake ningeupima kwa kipoyi: wabebaji wawili bega kwa bega, na mtu mmoja kando amesimama kuwapisha. Njia ikitosha hapo, inatosha kwa kila kitu.

Najua kwamba kazi ya njia ina historia chungu kwetu. Wabelgiji walichimbisha barabara kwa fimbo. Mobutu alileta salongo, kazi ya umma ambayo asiyefika aliadhibiwa. Baadaye wenye silaha walilichukua neno hilohilo la salongo wakawabebesha watu mizigo yao. Kwa hiyo mtu akishika jembe kwa amri, hata kama njia itanyooka, moyo wake hautakuwemo. Njia hii lazima iamuliwe na wanaoipita, wanawake wakiwa wa kwanza kusemeshwa, maana wao ndio wanaojua ni wapi mguu huteleza.

Wapo watakaoniambia kwamba njia nzuri huita bariere, vizuizi vya kutoza wapitaji. Hofu yao ina msingi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, walihesabu karibu bariere 800 katika Kivu zote mbili, kila moja na mkono wa kupokea pesa. Lakini njia iliyoota majani haijamwepuka mwenye bunduki. Imemwachia awe peke yake. Njia inayopitwa na wengi ina macho mengi, na mama anayefahamika vijiji viwili ana watu wa kumuulizia asipofika.

Tena, huku kwetu imani ya ujirani iliwahi kuvunjwa palepale watu wanapokutania. Machi 1993, huko Ntoto, wilayani Walikale, watu waliuawa sokoni, na vita vikasambaa hadi Masisi. Machi 2025 mapigano yalifika hadi mji wa Walikale. Jeraha lililoingilia sokoni halitaponea ofisini peke yake. Lazima watu warudi kupishana njiani, siku moja, siku ya pili, hadi salamu izoeleke tena.

Wanyanga, watu wa Walikale, wana shujaa wa masimulizi aitwaye Mwindo. Masimulizi yake aliyoyatamba Candi Rureke huko mwaka 1956 yalichapishwa mwaka 1969. Jina lake la sifa ni Kabutwakenda: alizaliwa, papo hapo akatembea. Lakini mwendo wake haukumfanya kiongozi. Alipaa hadi mbinguni, akafundishwa huko kuacha majivuno, ndipo akarudi kuwapa watu wake sheria za kuishi pamoja. Miguu tunayo tangu kuzaliwa. Kupisha ndiko tunakojifunza.

Zamani nilimwona mgonjwa akibebwa kwenye kipoyi. Vijana wa kijiji chake walimfikisha mtoni. Ng’ambo walikuwa wakingoja vijana wa kijiji kingine, wa lugha nyingine. Hapakuwa na maneno mengi. Bega lilitoka, bega likaingia, na kipoyi hakikugusa ardhi. Hapo mtoni ndipo ningependa njia yetu ianzie: huku wachimbe kuelekea maji, na kule wachimbe kuelekea maji, na pale magogo yatakapolazwa pasawazishwe vizuri, ili wanaopokezana wapate mahali pa kusimama.