Kioo cha Droni na Hesabu ya Jicho

Vijana wanaoanza kazi ya droni hapa Mombasa huniuliza swali moja: ninunue kishikwambi gani cha kuonea picha? Wanataka jina na bei, basi. Huwapa walichokitaka, kisha nawaongezea wasichokiuliza, kwamba kioo wanachokwenda kununua kina hesabu mbili, ya dukani na ya Siku ya Kiyama. Baadhi yao hucheka. Nadhani hucheka kwa kuwa hawajakaa na swali lililoko nyuma ya ununuzi huo: je, mtu ataulizwa juu ya kitu alichokirekodi bila kukiona?

Nianze na dukani, maana huko ndiko swali linakozaliwa.

Kazi yangu ni video za harusi. Msafara wa bwana harusi unapotoka kwenda nikahani, alasiri, jua la Mombasa bado halijapoa, na rimoti ninayotumia ni ile ya kubania simu. Simu kwenye jua hilo hukuonyesha sura yako na mtandio wako; mji ulio chini ya droni huuoni. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti. iPad mini iliyotoka 2021 ina niti 500, ambazo kivulini ni nyingi na juani ni za kubahatisha. Rimoti ya DJI RC yenye skrini yake ya inchi 5.5 ina niti 700. Ziko skrini za niti 1,000 na zaidi, na ukiambiwa bei yake utaomba kiti. Kisha kuna ukubwa. Hiyo iPad mini ina inchi 8.3 na uzito unaokaribia gramu 300, ila haikai kwenye kibanio cha RC-N1, ile rimoti ya kubania simu, ambacho hakipokei kifaa kirefu kuliko milimita 180, kwa hiyo utanunua kishikio cha pembeni na waya wake. Ukichukua iPad isiyoingia laini ya simu, haina GPS, na ramani haitakuonyesha uliposimama. Halafu joto. Apple wenyewe wanasema iPad itumike katika joto lisilozidi nyuzi 35. Iache juani mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, nayo itajipunguzia mwangaza ili isiungue, wakati ule ule ambao wewe unauhitaji.

Hayo fundi yeyote atakwambia. Lisilosemwa sana ni kwamba picha inayokushukia kwenye skrini siyo inayorekodiwa. Kwa droni nyingi tunazotumia sisi wapiga picha wa harusi, skrini hupokea 1080p, na kadi iliyomo ndani ya droni inaandika 4K. Nukta za 4K ni mara nne ya zile za 1080p. Kwa hiyo hata rubani mwenye macho makali, asiyepepesa, anaona robo ya kinachowekwa. Na robo hiyo akiitazama kwenye simu ya inchi sita, juani, huku roho iko kwenye nyaya za umeme na kunguru wanaoifukuza droni, basi anachoona ni msafara na mabati.

Kijana mmoja aliniletea kazi yake nimharirie. Msafara umetoka vizuri, kanzu nyeupe zimejaa kichochoro, wapiga matwari mbele. Pembeni, juu ya nyumba ya jirani, palikuwa na doa la rangi ya chungwa. Nikalikuza. Doa ni leso, na mwenye leso ni mama aliyekaa kwenye kigoda, kichwa wazi, binti yake anamsuka. Sura inatambulika kabisa. Yeyote amjuaye angemtambua. Kijana aliapa kwamba hakumwona, nami namwamini. Kwenye simu yake mama yule alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele.

Swali lile la kurekodi bila kuona nililipeleka kwa mjomba wangu, maalim wa madrasa, mtu ambaye hana droni wala hamu nayo.

"Mwanangu," aliniambia, "dini haimkalifishi mtu asichokijua. Mwambie kijana anunue kioo kidogo zaidi, aone njia ya chombo chake tu. Usichokiona hutaulizwa."

"Na kadi, mjomba? Kadi imeona."

"Kadi haina macho wala hesabu."

"Sawa. Lakini aliyeirusha ana hesabu."

Alicheka kidogo, akanitaka nirudi baada ya Isha.

Hoja ya mjomba ina nguvu, na sitaki kuipita haraka. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba jicho likiangukia jambo kwa bahati, mtazamo huo wa kwanza umesamehewa. Kosa ni kuufuatisha wa pili. Aliyeghafilika si mkosa. Kama ni hivyo, rubani mwenye kioo kidogo ni mtu salama kuliko sote, kwa kuwa mtazamo wake wote ni wa kughafilika. Lakini hapo ndipo ninaposhikwa na shaka. Kutojua ni hali inayompata mtu. Kujipangia usijue ni kitendo, na kitendo kina nia. Anayekwenda dukani akachagua kioo kidogo ili asione kile ambacho kamera yake inakichukua, amechagua kwa ujuzi kamili. Na mtazamo wa pili upo. Umehifadhiwa kwenye kadi, unamngoja yeyote atakayeifungua: mhariri, bwana harusi, shemeji zake, na watu wote wa kundi la WhatsApp la familia.

Mjomba baada ya Isha alikuja na masuala ya muadhini. Nayaeleza kwa sababu yamenisaidia kuliko maelezo yote ya droni niliyowahi kusoma.

Alianzia kwenye Qur'ani. Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inatufunza kutoingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe idhini na tutoe salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Sura Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Na katika hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume, naye Mtume akamkemea vikali na kueleza kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Maana yake hodi haikuwekwa kwa ajili ya miguu peke yake. Unaweza kuwa umesimama nje, kizingiti hujakivuka, na tayari umeingia ndani.

Lakini yule alichungulia kwa kutaka. Je, asiyetaka? Hapo ndipo muadhini anapoingia. Sahnun wa Kairouan, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki aliyefariki mwaka 854, aliulizwa juu ya mnara wa msikiti ambao muadhini akiupanda huona yaliyomo majumbani mwa majirani. Jibu lake ni kwamba azuiwe kupanda. Sisi wa pwani ni Mashafi, lakini fahamu ni fahamu. Tazama ni nani aliyezuiwa: mtu anayekwenda kufanya ibada, asiye na nia ya kumchungulia yeyote. Sahnun hakutosheka na kumwambia ainamishe macho akifika juu. Alihukumu mahali penyewe pa kusimama. Kwa maneno mengine, jukumu la jicho linaanza kabla ya jicho kutazama. Linaanza pale unapochagua pa kuliweka.

"Basi," akamaliza mjomba, "kwa kiasi hicho usirushe kabisa."

Hapo tukaachana, na mpaka leo hatujakubaliana. Mnara hauhami na nyumba hazihami, ndiyo maana suluhisho lilikuwa kumzuia mtu. Droni huhama. Mimi naweza kuchagua upande, saa, urefu na mwelekeo wa kamera. Naweza kuinua kamera itazame upeo wa macho, bahari na minara, badala ya kuielekeza chini kwenye sakafu za watu. Ila ili niweze kuchagua lazima nione, na nione vizuri. Mtu hayainamishi macho yake mbali na kitu asichojua kwamba anakitazama. Ndiyo sababu nashikilia kinyume cha ushauri wa kwanza wa mjomba: kioo kikubwa chenye mwangaza wa kutosha ni sehemu ya adabu ya kazi hii. Kwenye inchi nane naiona leso ya rangi ya chungwa nikiwa bado angani, nageuza, na yule mama anamaliza kusukwa bila kuingia kwenye harusi ya watu.

Uzito wa jambo hili anauona zaidi aliyewahi kuingia nyumba za mawe za Lamu. Wazee walijenga kwa kulijua jicho. Ukuta wa njiani karibu hauna dirisha. Mgeni anakaribishwa dakani, baraza ya mlangoni; akipita daka anakuta tekani, ukumbi wa kuingilia, nayo imepindishwa ili aliye njiani asipate kukiona kiwanda, yaani ua wa ndani, hata mlango ukiwa wazi. Ndani ya kiwanda wanawake wanapepeta, wanasukana, wanacheka bila mtandio. Kila upande umefungwa ila wa juu. Huko juu hawakuona haja ya kujikinga, maana hakukuwa na mwenye kuwatazama isipokuwa Aliyewaumba. Sisi tumekuja na chombo kinachopita kwenye upande huo mmoja walioubakisha wazi kwa amani, na tunadhani kwa vile hatukuvunja mlango, hatukuingia.

Kioo kikubwa nacho kina fitina zake, na anayeuza hatakutajia. Ukisimama barazani na kishikwambi kinachong'aa, dakika si nyingi una vijana nyuma ya mabega yako, kila mmoja anataka kuona mtaa kutoka juu. Wewe umegeuza macho; wao hawajageuza. Umewafungulia dirisha. Dawa yake ni kofia ya skrini, kile kibanda cha kitambaa cheusi kinachovishwa kishikwambi. Watu huinunua kwa ajili ya jua, na jua inalizuia kweli. Mimi huinunua pia kwa ajili ya mabega. Wanawake wa pwani hawana haja ya kufundishwa hili. Usiku wa kupamba, simu huachwa mlangoni na mpiga picha ni mwanamke, kwa sababu kila mmoja pale anajua kwamba picha haikai ilipopigwa. Nashangaa jamii inayokusanya simu kwa umakini huo usiku, kisha mchana inaruhusu kamera ipite juu ya sakafu zake bila hata kuuliza ni ya nani.

Jambo jingine ni nakala. Programu ya kurushia huweza kujihifadhia video ndani ya kishikwambi chenyewe, mbali na ile ya kwenye kadi, usipoingia kwenye mipangilio ukaizima. Kishikwambi hicho ndicho jioni hupewa watoto watazame katuni. Kwa hiyo ninapoulizwa ni kipi cha kununua, jibu langu la kwanza halina uhusiano na niti: nunua kitakachokuwa cha kazi tu, chenye nywila yake, kisichozunguka nyumbani mikononi mwa kila mtu.

Utasema Kenya ina sheria. Ndiyo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na kanuni za droni za 2020 zinataka usajili na leseni. Nina karatasi zangu na siruki bila hizo. Lakini mamlaka ya anga inanipa idhini ya anga. Idhini ya kiwanda cha mama fulani haiko mikononi mwake. Hiyo iko kwa mama mwenyewe, na njia ya kuipata ni ile ile ya zamani. Siku moja kabla ya harusi hupita mlango kwa mlango, nikapiga hodi, nikasema kesho baada ya Alasiri kutapita droni, msafara utashukia hapa, muda wake ni mfupi. Wengi hujibu karibu. Anayekataa, paa la nyumba yake ni mpaka wangu, siulizi sababu. Aya ya 28 imeshamaliza maneno.

Kwa hiyo, wewe unayeniuliza: chukua inchi nane, niti nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu, kishikio imara, na kofia ya skrini. Zima hifadhi ya nakala. Piga hodi leo, ruka kesho. Ukifika nyumbani, tazama video yote kwenye kompyuta kabla hujamkabidhi mwenye harusi, na ukimkuta mtu ambaye hakualikwa kwenye picha, mkate hapo hapo na ufute ya asili. Kama kazi hiyo ya kutazama na kufuta unaiona ni nzito, usinunue kishikwambi chochote. Iuze na droni.