Mtoto Aliyeacha Kusali



Mara kwa mara mzazi hutungoja baada ya ibada mpaka watu wapungue mlangoni, kisha hutuambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu ameacha kusali." Hakuhamia dhehebu lingine, wala si mlevi. Asema tu kwamba haamini tena. Na swali la mzazi ni lile lile: mtu asiye na Mungu ataishi kwa ajili ya nini?

Sisi tumezoea kujibu upesi kwamba gunia tupu halisimami. Lakini jibu hilo limetutia mashaka tangu tuliposoma habari za binti mmoja wa kanisa letu la Kianglikana huko Uingereza, Mary Ann Evans, aliyezaliwa mwaka 1819. Wasomaji wa vitabu humjua kwa jina la kiume alilojichagulia, George Eliot.

Katika usichana wake alikuwa mcha Mungu kuliko wengi wetu. Kisha alisoma sana, akahoji, na Januari 1842, akiwa na miaka 22, alikataa kwenda kanisani na baba yake mjini Coventry. Mzee Evans, mjane na msimamizi wa mashamba ya wakubwa, alikasirika hata akataka kuivunja nyumba waliyokaa pamoja. Miezi ikapita hivyo. Mwishowe walipatana: binti atafuatana na baba yake kanisani, bali mawazo yake akiwa humo yatakuwa yake mwenyewe.

Wengine watauita huo unafiki. Sisi hatuoni hivyo, maana hakuna aliyemdanganya mwenzake. Na mzee alipougua, ni binti huyo asiyeamini aliyemwuguza hadi alipofariki Mei 1849. Katika miezi ile ya ugonjwa alikuwa akisoma kitabu cha Thomas à Kempis juu ya kumfuata Kristo. Hata hivyo hakurudi katika imani.

Hadithi zake za kwanza, zilizotoka kuwa kitabu mwaka 1858, zilikuwa za makasisi wa Kianglikana. Mmoja wao ni kasisi maskini mwenye watoto wengi, anayefiwa na mkewe, naye alimwandika kwa huruma ambayo sisi wenyewe mara nyingi hatuwapi mapadre wetu. (Maisha yake mwenyewe yalikuwa na lawama: kwa miaka 24 aliishi na mwanamume ambaye mke wake wa ndoa alikuwa hai. Hatulifichi hilo.) Mwaka 1873, akitembea bustanini huko Cambridge, alimweleza rafiki kwamba Mungu na uzima wa milele vilikwisha kumtoka, lakini wajibu kwa jirani ulibaki, tena ukimwamuru kwa nguvu zote.

Je, basi imani si kitu? Hasha. Sisi twaungama kwamba wema wake ulitoka kwa Yule asiyemkiri. Ila tuwe waangalifu kulisema hilo mbele ya mtu wa namna hii, tusije tukawa kama tunamnyang'anya kilicho chake. Na liko swali gumu zaidi, nalo latuhusu sisi: usiku wa manane, mgonjwa akiita, tungeamka kama tusingetazamia taji? Tulipoulizana hivyo katika kikao cha wazee wa kanisa, palikuwa kimya kwa muda.

Mama mmoja alitaka tumwambie amfanyeje mwanawe. Tukamwuliza kwanza kijana anafanya nini siku za Jumapili. Akasema humshika bibi yake mkono, maana haoni vizuri, humleta mpaka mlangoni pa kanisa, kisha hukaa nje chini ya mwembe mpaka ibada iishe, amrudishe nyumbani.

Jumapili iliyopita mzee wa kanisa alimpelekea kiti.