Msingoje Aishiwe Pumzi

Ndugu zangu wa Msambweni, wa Diani, wa Lungalunga, nisikilizeni! Mtu mzima aliyeharisha juma lililopita ameamka leo nyayo zina ganzi. Kesho magoti yatalegea. Kesho kutwa kikombe kitamshinda. Nanyi mmekaa barazani mkiulizana nani kamroga! Huenda huo ni ugonjwa wa Guillain-Barré: kinga ya mwili, ikishapigana na vijidudu, huigeukia mishipa ya fahamu. Udhaifu hupanda kutoka miguuni, na kifua kimo njiani.

Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Mgonjwa huyu hatweti kama mwenye pumu, maana misuli ya kuhemea ndiyo iliyochoka. Yu kimya, nanyi mwasema ametulia. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni huonyesha oksijeni nzuri mpaka mambo yameharibika. Basi mkimbizeni hospitali, na huko avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti mpaka imwishie. Akikwama kabla ya 20, akipaliwa na mate, sauti ikififia, mwiteni daktari papo hapo. Akifika 40 msirudi naye nyumbani. Ahesabu tena baada ya saa chache.

Kati ya wagonjwa 10, wawili au watatu huhitaji mashine ya kupumulia. Nasikia mkisema, akitiwa mashine ndio basi. Sivyo, wapendwa! Mishipa hiyo ya fahamu hupona, polepole. Wengi hutolewa mashine wakatembea tena. Mashine inamshikia pumzi mpaka mwili wake urudi. Kinachoua ni kuichelewesha.

Mwaka 1952, polio ilipoikumba Copenhagen, wagonjwa 31 wa mwanzo waliopooza pumzi walikufa 27. Daktari Bjørn Ibsen akaagiza watobolewe koo, hewa isukumwe mapafuni kwa mfuko wa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana kuuminya, usiku na mchana, kwa majuma. Vifo vikapungua sana. Mikono mitupu, ndugu zangu!

Nanyi madaktari na wauguzi wetu, nawasihi: anayehesabu mpaka 12 tu asipandishwe ambulensi kwenda Mombasa kabla njia yake ya hewa haijalindwa. Feri ya Likoni ina foleni, na barabara ya Dongo Kundu nayo ni mwendo. Aketi nyuma naye mtu anayejua kuuminya ule mfuko, na asiuachie mpaka wampokee.