Wimbo Usio na Mwalimu

Hakuna mwalimu aliyetufundisha Ukuti, wala hakuna miongoni mwetu aliyeusahau. Wimbo huu wa watoto, unaoimbwa kwa kushikana mikono na kuzunguka duara mpaka wote wajiangushe chini kwa kicheko, haukuletwa kwetu na kitabu wala chuo, bali mdogo aliupokea kwa aliyemzidi umri kidogo, naye baada ya muda si mrefu akawarithisha wengine, hata ukatoka mwambao ukafika bara kwa watoto ambao mnazi unaotajwa ndani yake hawajapata kuuona kwa macho yao. Nasadiki kwamba ndiyo sababu kumbukumbu zake zina nguvu kuliko za mashairi tuliyoyahifadhi kwa hofu ya bakora: mwili mzima ulishiriki, na kiganja kilichokuwa ndani ya kiganja chako kilikuwa cha mtu, ambaye leo huenda yu mbali au ametangulia mbele ya haki, lakini kila usikiapo sauti za wimbo ule uani kwa jirani wakati wa alasiri, wajua bila ya kutafakari ni nani aliyekuwa kuumeni kwako na ni nani kushotoni. Sura za watu wazima wa zama zile, hata za baadhi ya jamaa walionipenda mno, zimeanza kufifia katika fahamu zangu. Za wale watoto naziona dhahiri, na majina yao ya utani nayakumbuka yote.